Tawi la Isale

Mwaka ule wa tisini na mbili, tulipopigana na Mjerumani ili aachie kisiwa cha Mafia alichokuwa amekikalia tangu ukoloni, mzee Kaanaeli wa kijiji cha Kikwe alikuwa haongei na mwanawe Elinami. Chanzo ni kahawa. Soko huria lilipoingia na bei ya kahawa kuanguka, kijana aling'oa mibuni ya babu yake bila ruhusa, akapanda nyanya za kuuza soko la Kwa Mrombo. Mzee akapandwa na hasira, akamfukuza shambani. Elinami akaenda zake jeshini, akawa baharia wa manowari Lengai.

Vita ilipopamba moto, baharia mwenzake Bariki alikuja likizo kijijini. Elinami alikuwa amempa kazi: ampelekee baba yake tawi la isale, ule mmea wa mipakani. Kwa Wameru, anayeombwa msamaha kwa isale hana ujanja, lazima asamehe, hata kama damu imemwagika. Kaanaeli hakulikataa, thubutu! Alilichomeka tu darini jikoni, akamwambia Bariki, "Mwambie asubiri kidogo." Alitaka kumtia adabu. Wazee wengine wana roho ngumu, jamani, halafu wanaita malezi.

Mwezi uliofuata Bariki alirudi, mkono umefungwa bendeji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

Bariki akakaa chini. Akaeleza jinsi Lengai ilivyojitupa mbele ya manowari tatu za adui ili boti za majeruhi zipate kupita. Moja ya manowari hizo waliizamisha. Kisha kombora likatoboa ubavu wa Lengai, maji yakajaa chumba cha mashine.

"Elinami alinisukuma nipande ngazi. Yeye mguu ulikuwa umebanwa na chuma. Akaniuliza, 'Baba amepokea?' Jibu lako nilikuwa nimemficha."

Kaanaeli akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Ukamwambiaje?"

"Nilimdanganya, baba. Nilisema umepokea."

"Akasemaje?"

"Alifurahi sana. Akasema vita ikiisha atakuja kuipanda upya ile mibuni."

Mzee alilia kwa sauti mbele ya mkewe na majirani, wala hakuona aibu. Hapakuwa na maiti ya kuzika migombani, maana Lengai ilizama naye. Akaenda jikoni, akalichomoa lile tawi, akalipanda pale ilipokuwa mibuni.

"Nimepokea, mwanangu," akasema.

Tawi lilishakaukia moshini. Mpaka leo hulimwagilia maji kila asubuhi, na hakuna mtu Kikwe mwenye moyo wa kumwambia aache.