Unga wa Baba

Mkwe alifanya kazi katika kiwanda cha viungo vya chakula, na kazi yake ilikuwa kuyavisha nguo mafuta ya samaki. Aliyachanganya na maji na gundi ya mti, akayapiga mpaka yakawa meupe kama maziwa, kisha mashine ikayarusha kama ukungu ndani ya pipa refu la chuma lililojaa hewa ya moto. Kila tone lilikauka kabla ya kufika chini. Kilichoanguka kilikuwa unga laini: mafuta ndani, koti la gundi nje, na hata ukiusogeza puani husikii harufu yoyote.

Ndiyo maana alimfikiria baba mkwe wake, aliyeishi naye nyumba moja. Mzee huyo, karani mstaafu wa posta, alikuwa ameambiwa na daktari atumie mafuta ya samaki kwa ajili ya moyo, lakini yeye na samaki walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mkwe akamwahidi unga usionuka. Mzee akakubali shingo upande.

Asubuhi moja mkwe akaacha kikopo cha unga juu ya kabati, akawahi zamu. Mama mkwe alipomuuliza ni kitu gani, alijibiwa mlangoni kwamba ni unga wa baba, kijiko kimoja kila asubuhi. Mama alishukuru kutoka moyoni. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameivumilia harufu ya miguu ya mumewe peke yake. Akamimina kijiko kimoja kwenye kiatu cha kulia, na kwa kuwa tatizo lilikuwa kubwa, akaongeza cha pili kwenye kiatu cha kushoto.

Siku hiyo Mzee alikuwa na mkutano wa wastaafu. Alikwenda kwa miguu, na jua lilikuwa kali. Gundi ile huyeyuka kwenye maji, na jasho ni maji. Alipofika njia panda, paka mmoja alikuwa nyuma yake. Alipofika ukumbini, walikuwa watano. Mwenyekiti akaomba kwa heshima kwamba aliyekuja na samaki atoke naye nje, na Mzee akaiunga mkono hoja hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Ni mpaka paka mmoja mnene alipoanza kumlamba kamba za viatu ndipo ukumbi mzima ulipomgeukia.

Alirudi nyumbani peku, viatu mkononi, paka wakimfuata kwa foleni. Mkwe alipotoka kazini alimkuta uani, miguu ndani ya beseni, uso umekunjamana. Akaomba radhi, akaeleza habari za koti la gundi na jinsi linavyoyeyuka likipata majimaji. Mama mkwe naye alijitetea: mtu akiambiwa ni unga wa baba, asiambiwe unaingilia wapi, afanyeje?

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hunuka ukilowa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na tumboni mwangu, mwanangu, ni pakavu?"

Kiwandani, watu sita wenye vyeti walikuwa wameupima unga ule kwa miezi minane. Waliunusa, waliuangalia kwa darubini, na hakuna hata mmoja aliyeumeza kisha akasubiri acheue.

Kesho yake alilipeleka swali hilo kwa mkuu wa maabara, ambaye aliagiza koti libadilishwe: livumilie tumboni, liyeyuke likifika kwenye utumbo. Yalihitajika majaribio matatu. Kila mara Mzee alimeza kijiko na uji, akaketi akisubiri, mkewe pembeni tayari kunusa. Katika jaribio la kwanza alifukuzwa chumbani. Katika la pili, mama alisema huyu sasa ni samaki mdogo, kwa hiyo kuna maendeleo. Katika la tatu Mzee alicheua kwa kishindo. Mama akainama, akanusa, akafikiri.

"Maharage," alisema.

Mkwe akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Mkuu wa maabara aliisoma mara mbili, akaipiga mhuri.