Kikosi Kilichokwama Ukurasa wa 211

"Mimi nipe riwaya yoyote ya mapinduzi," alisema Alphonce, "kabla ya ukurasa wa arobaini nimeshamkamata msaliti ukosi."

Aliyasema hayo Ijumaa, saa sita na nusu mchana, akiwa amekalia gunia tupu la viazi kando ya ndiva, lile bwawa dogo ambalo kijiji chao, juu kidogo ya Soni, hukusanyia maji kabla ya kuyaachia mferejini. Aliyekuwa akiambiwa ni Mwanaheri, mjane mwenye shamba la karoti mwisho kabisa wa mfereji. Alikuwa amepanda kuja kuuliza kwa nini maji yanamfikia kama machozi ya mtu asiyelia kwa dhati.

"Wewe uliwekwa hapa usome au ulinde?"

"Vyote, mama. Jicho moja kitabuni, jicho moja kwenye kizibo."

"Basi hilo la kwenye kizibo lina mtoto wa jicho," alisema Mwanaheri, akateremka bila kuaga.

Zamu ya Mwanaheri ilikuwa Ijumaa mchana. Alipewa yeye kwa sababu hakuna mwanaume aliyeitaka: saa hiyo wanaume wa kijiji wako msikitini. Na Alphonce aliwekwa kulinda kwa sababu hiyo hiyo. Baba yake alikuja zamani kuchuma chai, akafa Mkatoliki, akamwachia mwanawe dini na redio mbovu. Kijiji kikaona ni jambo la busara: Ijumaa wengine wakisali, yeye atalinda.

Riwaya alikuwa akiletewa na mzee Kassimu, mwenyekiti wa kamati ya maji. Mzee Kassimu alikuwa na utaratibu wake. Kila Ijumaa, akielekea msikitini, alipitia ndivani na kitabu kipya, chenye helikopta au bastola kwenye jalada, akiwa amekinyofoa sura ya mwisho. Sura ya mwisho ililetwa Ijumaa iliyofuata, kama wiki imepita kwa utulivu.

"Ukimpa mtu mwisho mapema, anaacha kusoma," mzee Kassimu alimweleza. "Anaanza kuangalia angalia."

Alphonce aliona ni hekima ya wazee. Hakuwahi kujiuliza mwenyekiti ananufaika nini na yeye kuendelea kusoma. Kwenye vitabu angeshajiuliza ukurasa wa tatu.

Ijumaa hiyo mzee Kassimu alikuja mikono mitupu. Kurasa zimepotea nyumbani, alisema, vumilia kijana wangu. Ukweli ni kwamba mkewe alikuwa amezitoa pamoja na magazeti ya zamani, akampa muuza karanga mmoja wa Soni afungie biashara yake. Huyo muuza karanga ni kijana mchapakazi, mwenye adabu kwa wakubwa na, tukiambiana ukweli, mwenye sura nzuri. Hana kosa lolote katika mambo haya. Kurasa zilishafungiwa karanga na kutupwa madirishani mwa mabasi njia nzima hadi Mombo.

Alphonce akabaki na kitabu kilichoishia ukurasa wa 211, mahali ambapo Meja na askari wake arobaini wamelala kifudifudi kwenye kilima juu ya mji mkuu, wakisubiri amri.

Jumamosi asubuhi walikuwa wamelala kifudifudi kwenye maharage yake.

Walikuwa wamelowa, ingawa Soni haikuwa imenyesha wiki mbili. Ilikuwa mvua ya kitabuni, sura ya kumi na tisa. Jirani wa kwanza kuwaona alikuwa Latifa, mama wa makamo aliyekuwa akipeleka maziwa barabarani. Aliweka ndoo chini.

"Nyie, hayo ni maharage. Ndiyo kwanza yanatoa maua."

"Nyamaza, mama," alinong'ona askari mmoja. "Adui yuko karibu."

"Adui wa maharage ndiye wewe," alisema Latifa, akabeba ndoo yake akaenda.

Mtendaji wa kijiji akafika na daftari la wageni. Wakaandika majina yao arobaini na moja. Kwenye sehemu ya "unakotoka" waliandika ukurasa, na kwenye "sababu ya safari" Meja aliandika "kupindua", kwa herufi nzuri za shule. Mtendaji akagonga muhuri, akawakumbusha kwamba choo kichimbwe mbali na mfereji.

Meja alimfuata Alphonce mlangoni. Alikuwa mrefu kuliko alivyoelezwa.

"Wewe ndiye msomaji?"

"Ndiyo, afande."

"Tunaendelea lini?"

"Sina kurasa."

Meja alimtazama kama mtu anayetazama kiatu kilichokanyaga kinyesi. "Miaka sita nimeongoza watu hawa kutoka ukurasa wa kwanza. Wewe hata kurasa ishirini umeshindwa kutunza."

Wakabaki. Walipiga mahema kwenye kiwanja cha mpira, wakala mihogo ya watu kwa kuwaandikia vyeti vya serikali ambayo haikuwa imepinduliwa bado, wakawaamrisha watu wapite pembeni ya njia. Watu nao wakawachukia kama wanavyochukia nyani wa msituni, yaani bila kupoteza muda kuwafikiria. Wanawake waliwapandishia bei ya ndizi. Kila jioni Alphonce alizomewa mara mbili: kwa Kishambaa na wanakijiji, kwa sababu ya maharage na kelele, na kwa Kiswahili sanifu na askari, kwa sababu ya mwisho.

Kwa kuwa kikosi kisicho na kazi huoza, Meja aliweka walinzi mahali pote pa muhimu. Sura ya kumi na nane ya kitabu chao inasema mji huanguka maji yakikatwa. Kwa hiyo Koplo Nathanaeli alipewa ndiva. Alisimama hapo hatua sita kutoka kwenye gunia la Alphonce, siku nne, hakuketi.

Alphonce hakumsemesha. Alikuwa amerudia kitabu kuanzia mwanzo, akitumaini mara hii kitaishia mbali zaidi.

Ijumaa ikafika. Adhana ikasikika, wanaume wote wa kijiji wakaingia msikitini, msimulizi wa haya akiwemo, safu ya pili, karibu na nguzo. Mzee Kassimu alikuja amechelewa kidogo kama kawaida yake, miguu imelowa hadi magotini, pindo la kanzu linachuruzika. Kwa miaka watu walikuwa wakimsifia mzee huyo kwa udhu wake. Vijana waliambiwa waige.

Jumatatu kukawa na kikao cha maji, kwenye darasa la shule, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Ajenda ilikuwa moja. Ndiva hupungua kupita kiasi kila Ijumaa. Ijumaa ni zamu ya Mwanaheri. Kwa hiyo Mwanaheri anaiba. Anyang'anywe zamu hadi masika.

"Karoti zangu zimebakiza wiki tatu," alisema Mwanaheri. Alisimama wima, hakulia. "Mkininyima maji leo, mnanizikia msimu. Na mnajua sina kingine. Mtu anayeiba maji karoti zake zingekuwa za kidole gumba? Njooni mzitazame."

"Hakuna anayekuja kutazama karoti," alisema mzee Kassimu kwa upole. "Tuna mlinzi. Alphonce, kijana wangu, wewe ni bingwa wa mambo haya. Msaliti ni nani?"

Alphonce alisimama. Hakuna kitu kilichowahi kumpa raha kama swali hilo. Maisha yake yote alikuwa akilisubiri, na sasa aliulizwa mbele ya watu sabini na Meja.

"Kwa uzoefu wangu," alisema, "msaliti ni yule aliye karibu na siri, mwenye kulalamika kuliko wote ili asishukiwe. Bi Mwanaheri amekuja ndivani mara tano kulalamika."

"Mwehu wewe!" alisema Mwanaheri. "Nalalamika kwa sababu sina maji!"

"Ndivyo wanavyosemaga," alisema Alphonce, si kwa ubaya, ila kama mtu anayenukuu.

Hapo Koplo Nathanaeli, aliyekuwa mlangoni, akapiga mguu chini na kuomba kutoa taarifa. Meja akamruhusu kwa kidevu.

"Ijumaa, saa saba na dakika kumi," alisema Koplo, akitazama ukuta. "Mzee huyu mwenye kanzu alifika ndivani. Alivua makubadhi, akaingia majini, akang'oa kizibo cha upande wa kushoto, ule mchepuko uendao kwenye kabichi zake. Alisubiri dakika ishirini na mbili. Akarudisha kizibo, akavaa makubadhi, akaelekea msikitini. Mlinzi alikuwa amekaa hatua sita kutoka kwangu. Alikuwa ukurasa wa themanini na saba, pale ambapo mimi ninalinda daraja. Maji yalimrukia usoni. Alifuta ukurasa, akaendelea."

Hakuna aliyeshangaa. Kuna waliotazama miguu ya mzee Kassimu, ambayo siku hiyo ilikuwa mikavu.

"Mheshimiwa mtendaji," alisema mzee Kassimu, "shahidi huyu ana kitambulisho cha taifa?"

Mtendaji alimuuliza Koplo. Koplo alisema ana namba ya jeshi, aliyopewa ukurasa wa kumi na mbili.

"Kwa hiyo ni mtu wa kubuniwa."

"Ndiyo, mzee."

"Sina ugomvi naye. Ni mgeni wetu, anakula mihogo yetu. Nauliza tu kama kijiji hiki kimefikia kuendesha kamati kwa maneno ya mtu ambaye mama yake mzazi hayupo hata kwenye kitabu."

Mtendaji alifikiri, akaandika: shahidi hakupokelewa, kwa kuwa hakuzaliwa. Alikuwa na mwandiko mzuri, karibu sawa na wa Meja.

"Lakini Alphonce amezaliwa," alisema Mwanaheri. "Aulizwe yeye. Aulizwe kama aliona."

Wote wakamgeukia Alphonce. Mzee Kassimu alipitisha mkono ndani ya kanzu kama anayejikuna, na chini ya kwapa likaonekana jalada jipya: manowari, bendera inayoungua, na mwanamke anayekimbia na bahasha. Kitabu chenyewe kilikuwa kinene. Kilikuwa na sura ya mwisho. Alphonce aliweza kuona mgongo wake haujanyofolewa.

Alikumbuka tone la maji kwenye ukurasa wa themanini na saba. Lilikuwa limeangukia neno "daraja", wino ukatawanyika. Alikumbuka pia mguu mzee, wenye mishipa, ukipita pembeni ya jicho lake kama kitu kisichohusu sura hiyo.

"Sikuona," alisema.

"Hukuona au hukutazama?" aliuliza Mwanaheri.

"Sikuona."

Meja alitema mate dirishani. "Mimi nimesalitiwa ukurasa wa mia na hamsini, na watu wa maana," alisema. "Majenerali. Huyu kasaliti kwa kitabu cha kuazima." Akatoka, askari wake wakamfuata kwa mstari mmoja.

Zamu ya Ijumaa ikachukuliwa na kamati, na kwa kuwa kamati haina shamba, mwenyekiti akajitolea kuitumia kwa niaba yake. Hakuwa tena na sababu ya kuchelewa msikitini. Karoti za Mwanaheri zililala siku ya kumi na moja. Aling'oa moja akaiweka juu ya gunia la Alphonce, ndogo kama kalamu ya risasi iliyochongwa sana. Alphonce aliitumia kuwekea alama ukurasa, kisha akaimenya akaila.

Askari wako pale pale kiwanjani. Wamejiandikisha kwa balozi wa nyumba kumi, wanachangia mbio za mwenge, na timu ya kijiji imepata golikipa.

Habari hii huwa inasimuliwa Soni, pale barabarani magari yanaposimama, kwa wateja wanaosubiri karanga zipoe. Husimuliwa vizuri. Siku moja, msimulizi alikuwa amefika kwenye adhana, wanaume wote wameingia msikitini, yeye akiwemo, safu ya pili, karibu na nguzo, na wateja walikuwa wakicheka mahali panapostahili.

"Si wote," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Koplo Nathanaeli, amembebea Mwanaheri, aliyesimama kando yake, mkungu wa ndizi. Alipiga mguu chini.

"Saa saba na dakika kumi na tano," alisema, akitazama kibao cha duka. "Kijana mwenye kikapu cha karanga alifika kwa njia ya juu. Alikaa kwenye jiwe. Alimtazama mzee akiwa ndani ya maji, kizibo mkononi, muda wa kula karanga kumi na nane. Kisha alisema, 'Shikamoo, mzee.' Mzee akasema, 'Marahaba, hujambo.' Kijana akasema, 'Sijambo.' Akaondoka kuelekea Soni. Hakuelekea msikitini."

Wateja waligeuka kutazama kikapu.

"Na kwenye kikao," alisema Mwanaheri, "walipokuwa wanamtafuta mtu aliyezaliwa, ulikaa dawati la mbele yangu. Uligeuka ukaniuliza kama nitanunua."

Mwenye kikapu alichukua karatasi, akaikunja pembe, akajaza karanga hadi zikamwagika, zaidi ya alivyowahi kumjazia mtu, akamnyooshea Mwanaheri kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama alivyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mwanaheri hakuitikia.