Duara la Ndizi na Kahawa

Msichana wa dawati la mbele alilitazama swali la grafu ya duara, akatabasamu, akatia alama kwenye jibu na kufunua ukurasa. Mwalimu Mektrida, aliyetumwa kusimamia mtihani wa darasa la saba katika shule hiyo ya Shirimatunda, huku mjini, alilikazia macho swali lile. Grafu ya duara ilikuwa mada ya muhtasari mpya. Vitabu vya muhtasari huo viliuzwa madukani mjini, na wazazi wa hapa walishavinunua. Shuleni kwake, juu Old Moshi, bado walikuwa wakisubiri mgawo wa serikali. Alipomuuliza mwalimu mkuu afanyeje, aliambiwa afundishe kilichopo kwenye vitabu vya zamani. Akafundisha kilichopo, tena kwa bidii, na roho yake ikatulia.

Sasa haikutulia hata kidogo. Saa hiyohiyo, huko juu, mwanafunzi wake Elinipendo alikuwa na karatasi kama hii mbele yake. Shule yao ilizoea kupata nafasi moja tu ya sekondari, na kijiji kizima kilijua mwaka huu nafasi hiyo ni ya nani. Swali moja lingetosha kumwangusha. Mektrida alitamani kupiga kelele. Badala yake akatangaza muda uliobaki na kuendelea kutembea kati ya madawati. Miaka yote alijivunia mtihani ule, kwamba haumjui mtoto wa tajiri wala wa maskini. Leo alijiona mjinga.

Alasiri alipanda mlima bila kupitia nyumbani kwake. Elinipendo alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Alipomwona, alitupa mundu na kumkimbilia.

"Shikamoo mwalimu! Hisabati nimemaliza zote!"

"Marahaba. Na lile la duara?"

"La shamba la ekari sita, ndizi ni ekari ngapi? Nimechagua tatu."

Mektrida alinyong'onyea. "Tatu umeipataje?"

"Aliyechora alikosea, mwalimu. Kaweka ndizi peke yake na kahawa peke yake. Nani analima hivyo? Kahawa si inakaa chini ya mgomba? Nikaviunganisha vile vipande viwili, vikawa nusu ya duara." Akasita. "Si ndivyo?"

Mama yake, Veronika, alitoka zizini na ndoo ya maziwa, akasimama. "Mwambie tu, mwalimu. Amepata?"

Kesho kulikuwa na masomo mengine. Angesema ndiyo, mtoto angelala.  Lakini aliokota kijiti, akachuchumaa chini ya migomba, akachora duara kwenye udongo.

"Duara zima ni nyuzi mia tatu na sitini," alisema. "Kipande cha ndizi kiliandikwa mia moja na ishirini. Inaingia mara ngapi?"

"Mara tatu." Elinipendo alikunja uso kidogo tu. "Kwa hiyo ndizi ni theluthi. Ekari mbili."

"Mbili."

Mtoto aliliangalia duara kwa muda, kisha akamwangalia mwalimu wake.

"Ni hivi tu? Bila kitabu?"

"Ni hivi tu," Mektrida alijibu, na hakuweza kumtazama Veronika.