Bomba Lililovishwa Godoro

Mtaa mzima ulimwita Naweza, na si kwa kumsifu. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mito yote ya dunia anayo kichwani, lakini bomba la nusu inchi lilimtoa jasho. Miezi miwili nyuma alitengeneza koki ya jikoni mpaka masufuria yakaelea. Mkewe, fundi cherehani, alihamia kwa kaka yake wiki nzima, akarudi na sharti moja: "Tone moja likiingia chumba changu cha kushonea, naondoka. Na safari hii usinifuate."

Mwanamume mwenye akili angeuza spana. Naweza akanunua nyingine.

Maji ya moto yalikuwa yakifika bafuni yamepoa, basi Jumatano alipanda darini na sponji la godoro kuukuu, alivishe bomba lisipoteze joto. Katika kutambaa huko juu, goti likagonga kiungio, kikalegea. Akakikaza, akakizungushia utepe hadi kikavimba kama kifundo cha mguu kilichoteguka. Chini yake kikachungulia kitone.

Hapo hapo akasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mke, fundi bomba wa miaka ishirini.

Akione kile kiungio? Afadhali kifo. Naweza alikifunika sponji tabaka tatu, nailoni juu, kamba, fundo. Akashuka na kipande cha sponji kilichobaki, anapangusa vumbi kama mtu aliyetoka kuzindua daraja.

"Umelipima bomba kabla ya kulivisha?" shemeji akauliza.

"Nimelipima."

"Kwa maji au kwa macho? Bomba huachwa wazi siku mbili, shemeji, umelizungushia karatasi kavu. Ikilowa, unajua. Mficha uchi hazai."

"Basi mimi nina watoto wanne, sijui nimewapataje."

Wakacheka. Mke hakucheka. Alisimama mlangoni mwa chumba chake cha kushonea na gauni jeupe la bibi harusi mkononi, kazi ya wiki sita. Kiungio kilikuwa darini, sawasawa juu ya meza yake.

"Niendelee kushonea hapa, baba watoto? Au nihamishie sebuleni?"

Shemeji alikuwa anamtazama. Neno moja tu lilihitajika.

"Shona, mke wangu. Pakavu kama jangwa."

Sponji lilikunywa siku mbili bila kudondosha hata tone, nailoni ikalea tumbo. Ijumaa mchana bibi harusi alikuwa amesimama chini yake, amevaa, anapimwa pindo. Kamba ikakatika. Dari lilishuka na maji ya rangi ya chai yenye umri wa godoro lile, likamvika bibi harusi kuanzia shela hadi viatu.

Mke alitoa pini mdomoni, moja moja, akazirudisha koponi. Akamfuta yule binti uso, akamsindikiza kwao, akarudi. Kisha akamwambia mumewe ampigie kaka aje na pikapu. Ndiyo, yeye mwenyewe apige.

Shemeji alipanda darini, akateremka baada ya dakika tano. "Kiungio kilihitaji robo ya mzunguko wa spana tu. Ungesema juzi ningekikaza huku tunapiga soga."

Naweza akaifuata cherehani iliyokuwa ikitolewa. "Mama watoto, ni bomba tu."

"Bomba ningekusamehe," alisema mkewe. "Nilikuuliza, ukaniambia nishone."

Naweza akanyoosha mkono kumsaidia kubeba.

"Wewe shika mlango."

Akaushika, mpaka pikapu ikakata kona.