Stesheni ya Ng'ambo ya Milima

Majirani walimwita mke wa kinyozi Mama Masafa, naye hakuchukia. Redio yake ilikuwa ya plastiki, ya bei ya kutupa, kifuniko cha betri kimebanwa kwa mpira. Antena ilivunjika zamani. Mahali pake alifunga waya, akauzungushia kwenye nondo za dirisha la jikoni. Asubuhi ambazo upepo umelala na ukungu umejaa bondeni, aliiinamia redio ile, akikisogeza kigurudumu cha kutafutia stesheni pole pole kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Unatafuta nini humo?" mumewe aliuliza huku akinywa chai.

"Watu wa mbali."

"Hawa wa karibu hawakutoshi?"

"Wa karibu nishawasikia."

Kinyozi akacheka, akaenda zake kibandani kunyoa vichwa vya watu. Alikuwa na kipara, na wateja walimtania kuwa kinyozi hajinyoi, ila huyu alijinyoa akasahau kuacha. Utani aliupenda. Jambo moja tu halikugusika mbele yake: binti yao wa pekee. Binti alimkataa mchumba ambaye baba alikwisha kumkubali, maneno yakawa makali, na baba akasema, "Ukivuka kizingiti hicho, mimi si baba yako." Akavuka. Tangu hapo hakutajwa nyumbani, na kinyozi akadhani kimya cha mkewe ni kukubaliana naye.

Kisha Mama Masafa akaugua kifua, ugonjwa wa ghafla, usiompa mtu nafasi ya kuuguza. Alipofariki, ndugu walipiga namba ya zamani ya binti, haikupatikana. Wakazika bila yeye.

Asubuhi moja baada ya matanga, nyumba ikiwa tupu na ukungu umetanda, kinyozi aliwasha redio ili pawe na sauti tu. Kigurudumu hakukigusa. Ilikwaruza, ikakoroma, halafu sauti ya mwanamke ikaingia safi kabisa, ikisoma bei za mahindi katika soko la mji ulioko ng'ambo ya milima. Kikombe kikamponyoka. Sauti ya mwanao haisahauliki, hata ikisoma bei za mahindi.

"Na kama kawaida yangu," sauti ikaendelea, "kabla ya wimbo, salamu kwa mama yangu. Mama, sijui kama mawimbi yetu yanafika huko. Kama yanafika, jua mwanao ni mzima. Na wewe msikilizaji mwenye salamu, namba ya studio ni..."

Kinyozi alinyakua kipande cha mkaa, akaandika ukutani. Alikuwa amefika nusu ya namba upepo ulipoamka, na redio ikarudia kukwaruza.

Akakaa sakafuni. Kumbe mkewe alijua! Asubuhi zote zile alikuwa akimtembelea mtoto wake, naye mume yuko kwenye meza ile ile, anacheka na chai yake.

Siku zilizofuata upepo haukutulia. Alipandisha waya darini, akauteremsha, akauhamishia uani. "Umerithi kazi ya Mama Masafa?" jirani akamtania. "Nimerithi," akajibu, na jirani akajuta kuuliza.

Hatimaye ukungu ukarudi, na nusu ya pili ya namba ikapatikana. Akapiga papo hapo.

"Studio, habari za asubuhi! Nani mwenzetu, na unapiga kutoka wapi?"

Pumzi zake mwenyewe zikamrudia kutoka kwenye redio. "Mwanangu," akasema, "niondoe hewani."

Redioni wimbo ukaanza ghafla. Kwenye simu, sauti ikawa ndogo. "Baba? Umenipataje?"

"Kwa redio ya mama yako. Yeye ndiye aliyekuwa akikusikiliza."

"Aliyekuwa?"

Kinyozi alikwisha kuwapa pole watu wengi maishani mwake. Hii ilikuwa ya kwanza kumpa mwanawe. "Tulimzika, mwanangu. Tulikutafuta."

Wimbo ulikwisha. Redio ilibaki wazi, kimya, mpaka upepo ukaifuta stesheni.

Binti alikuja mwishoni mwa juma na mkoba mdogo. Alimwamkia baba yake shikamoo, akaomba kuonyeshwa kaburi. Alikaa pale chini, akazungumza na mama yake, na baba akasimama mbali ili asisikie.

"Salamu zangu alizipata kweli?" aliuliza wakirudi.

"Kila asubuhi iliyoruhusu. Nami nilikosa, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusikia, baba."

Usiku ule binti alilala kitanda cha mama yake, kesho yake akafua nguo za marehemu, akazikunja. Kwenye kituo cha basi, kinyozi alimuuliza kama atakuja tena.

"Sijui," binti akajibu, bila hasira, na kule kukosekana kwa hasira ndiko kulikomuumiza zaidi.

Kinyozi alirudi kufungua kibanda. Mteja alikuwa anangoja. "Yule mgeni niliyemwona nawe ni nani?" akauliza katikati ya kunyolewa, kitambaa shingoni.

"Binti yangu," kinyozi akasema. Akaizima mashine ya kunyolea, akaketi kwenye benchi la wateja, na mteja, kichwa nusu kimenyolewa, akamsubiri.