Jina la Daktari Zefania

Mtu akitaka kusifiwa, afe. Daktari Zefania alifundisha waganga huko Iramba mpaka mvi zikamjaa kichwani bila kupewa hata asante ya mdomo, lakini siku ya mazishi yake sifa zilimiminika, zimetiwa chumvi kuliko Ziwa Singidani. Mjane wake, Dorkas, alianza kujiuliza kama kweli aliyelala ndani ya jeneza lile ni mume wake.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati, na wanafunzi wa Zefania hawakuchelewa. Walikuja msibani na suti, na kila aliyesimama kutoa rambirambi alimtaja marehemu kwa kifupi na zahanati yake kwa kirefu, pamoja na saa za kufungua.

Zefania alikuwa na ufundishaji wake. Mwanafunzi akimkaripia mgonjwa, alivuliwa koti jeupe akaketishwa kwenye benchi la wagonjwa, asubiri kuitwa kama wao. Hakuna aliyelikalia benchi hilo kama Leonidas. Na hakuna aliyependwa kama Leonidas. Alikula nyumbani kwa mwalimu wake, Dorkas akamfulia mashati. "Kichwa anacho," Zefania alikuwa akisema, "moyo uko njiani." Labda ulipata pancha.

Leonidas akasimama. "Mwalimu alitufundisha kumjali mteja," alianza.

Mteja! Dorkas akainua kichwa. Mume wake alitibu wagonjwa maisha yake yote, kumbe walikuwa wateja na hakuna aliyemwambia.

"Kwa hiyo kliniki ninayofungua Shelui nataka iitwe Daktari Zefania. Mama, naomba uniruhusu hapa hapa, mbele ya kaburi."

Watu wakapiga makofi. Leonidas alijua alichofanya, kwa maana mfiwa hakatai heshima iliyotamkwa kaburini. Lakini kila mtu alijua pia kwamba kwenye zahanati yake ya kwanza, asiye na kitu mfukoni aliishia kwa mlinzi. Jina ndilo pekee Zefania alilomwachia mkewe, na sasa lingetundikwa juu ya mlango wa namna ile, litukanwe na kila aliyefukuzwa.

Dorkas akasimama taratibu.

"Mwanangu, nimekubali. Liandike kubwa, madereva wa malori walione toka barabarani. Ila nyie wa Shelui mliopo hapa, mnisikie. Mgonjwa yeyote atakayerudishwa mlangoni pale, aje kwangu. Nitakuja na brashi, nilifute jina la mume wangu kwa mkono wangu, mchana kweupe."

Makofi ya safari hii hayakuwa ya adabu. Hata mchungaji alicheka, kisha akakohoa akisingizia vumbi. Leonidas akatabasamu kama aliyetafuna pilipili, akasema amina.

Kliniki ilifunguliwa baada ya mavuno ya alizeti. Klara, mdogo wake Dorkas, alirudi kutoka Shelui akicheka hadi kanga inamdondoka.

"Dada, ameiita Kliniki ya Neema! Jina la shemeji limemshinda!"

Alingoja dada yake acheke naye. Dorkas akakaa chini palepale jikoni, akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi.

"Sasa unalia nini? Si umeshinda?"

"Nilitaka aliandike, Klara," Dorkas akasema. "Nilitaka athubutu."