Doa Kwenye Gauni la Mirriam

Mimi ukiniambia nisiguse kitu, mkono unaanza kuniwasha. Mirriam ananijua vizuri. Miaka mitatu tumefundisha Garissa pamoja na kukaa nyumba moja. Lakini gauni lake la harusi lilipofika kutoka Nairobi alisema tu, "Bridget, tafadhali, usilifungue," akaenda zake sokoni. Sasa hapo kosa ni la nani?

Nililivaa. Nilipokuwa nalivua nikasahau biro nyekundu niliyokuwa nimeichomeka kwenye nywele tangu asubuhi, nikisahihisha madaftari ya darasa la saba. Ilipita kifuani, ikaacha mstari wa urefu wa kidole. Mungu wangu! Harusi Jumamosi, leo Alhamisi, na Mirriam angerudi wakati wowote. Nikapaka maji na sabuni kwa hasira. Wino ukazidi kutanuka.

Nikakimbilia uani kumwita jirani yetu Madino, muuza maziwa, mama ambaye hashindwi na jambo la nyumbani.

"Madino wee! Nisaidie, nina doa!"

"Unataka dua?"

Nilivyokuwa nimechanganyikiwa, masikio yalisikia yalichotaka. "Ndiyo! Kubwa! Ni mambo ya gauni la harusi!"

Akanitazama kwa huruma mpaka nikashangaa. "Maskini mwalimu. Ngoja, mimi naleta watu."

Watu wa nini tena? Mimi nilitegemea alete ndimu.

Baada ya dakika kumi waliingia wanawake wanne, na mmoja wao, Ruqiya, alikuwa amebeba chetezo cha ubani kinachofuka moshi. Wakaketi mkekani, wakainua viganja. Madino akaomba kwa Kisomali, jina langu likipita humo kila mara, na wenzake wakaitikia amin. Na mimi, binti wa mchungaji wa Kakamega, nikaitikia pia, maana mtu akikuombea utamfanyaje? Kisha nikafungua jicho moja nikaona moshi unaelekea kwenye gauni.

"Jamani, doa!" nikapiga kelele, nikalitandaza mbele yao. "Doa! Hili hapa!"

Madino akaugusa ule wekundu kwa kidole. "Hii ndio naitwa doa?"

"Ndiyo!"

"Subhanallah! Mimi najua dua tu. Wewe si ungesema uchafu!" Akaangua kicheko, wote wakafuata, na Ruqiya ikabidi anyang'anywe chetezo kabla hajatuunguza. Nilikasirika kweli kweli. Halafu nikacheka kuliko wote.

Sasa ndipo kazi ikaanza. Madino alileta susa, maziwa ya ngamia yaliyochacha. Akaweka kitambaa kikavu chini ya doa, akamimina kidogo.

"Usisugue, mwalimu. Gonga bole bole."

Tukagonga pole pole kwa kitambaa kingine. Maziwa yakageuka waridi, akayafuta, akamimina mengine. Kisha ndimu na chumvi, dakika chache juani, na maji baridi. Ulibaki wekundu hafifu tu, wa kutafutwa na mtu mwenye nia mbaya. Ruqiya akalifukiza gauni ubani kuua ile harufu ya maziwa, na hapo hapo Mirriam akaingia na kikapu chake.

"Kuna nini hapa?"

Uongo nilikuwa nao tayari, mzuri sana. Madino akaniwahi, uso wote furaha. "Kwanza tumeombea mwalimu abate bwana. Halafu tumetoa uchafu. Yeye alifaa gauni yako, abaayo, dada yangu, ikashika wino."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mirriam akaliangalia gauni, akaniangalia mimi. Hakucheka. "Ulilivaa?"

"Nililivaa." "Nakuonea wivu, Mirriam. Wewe unaenda zako, na mimi nabaki na vyumba viwili na madaftari. Nani atanigombeza asubuhi?"

Hata wanawake wasioelewa Kiswahili walielewa. Mirriam akaweka kikapu chini, akalichukua gauni, akalikagua kifuani taratibu. Mimi nikasubiri nitukanwe, na nilistahili.

"Lilikukaa?" akauliza.

"Zipu iligoma mgongoni."

Akanitupia gauni mikononi.

"Livae tena nikuone," alisema. "Nyuma nitakushikia."